Kusikia bila Kusema: Historia ya Antena na Mawasiliano ya Redio katika Uwanda wa Makonde, Masasi na Newala, 1914–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mawasiliano yasiyo ya waya katika Uwanda wa Makonde, hususani maeneo ya Masasi na Newala, kwa kuifuatilia antena kama kifaa na kama mpaka wa uwezo wa binadamu. Hoja kuu ni kwamba kwa takriban miaka themanini wimbi la redio liliufikia uwanda huo likiwa na habari, amri na mafunzo, lakini wakazi wake hawakuwa na njia ya kurudisha neno kwa wimbi hilo. Sababu ya hali hiyo haikuwa siasa peke yake. Ilikuwamo pia katika fizikia ya antena: kupokea kulihitaji waya mdogo, ilhali kutuma kulihitaji mnara na nishati kubwa. Antena ndogo ya bendi nyingi iliyowekwa ndani ya simu ya mkononi ndiyo iliyoanza kuvunja utaratibu huo, ingawa haijaumaliza.

1.0 Utangulizi

Uwanda wa Makonde umeinuka kutoka pwani ya Lindi na Mtwara kuelekea magharibi, na ukingo wake wa magharibi hukatika ghafla. Mji wa Newala umejengwa karibu na ukingo huo, katika kimo cha zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo bonde la mto Ruvuma huonekana hadi ng'ambo ya Msumbiji. Masasi iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, katika nchi ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake. Umbo hili la nchi lina maana mbili kwa wimbi la redio. Mtu aliyesimama ukingoni Newala ana upeo wa makumi ya kilomita mbele yake bila kizuizi. Mtu aliye chini ya ukingo huo huo, au nyuma ya jabali la Masasi, yuko kivulini.

Wanahistoria wa kusini mwa Tanzania wameandika kwa kina juu ya biashara ya misafara, misheni, Vita vya Maji Maji, korosho na uhamisho wa vijiji. Mawasiliano ya redio yametajwa kwa kupita tu, na antena haikutajwa kabisa, kana kwamba ni jambo la mafundi. Hata hivyo, nani aliweza kutuma neno na nani aliweza kulisikia tu ni swali la kihistoria lenye uzito sawa na swali la nani alimiliki ardhi. Makala haya yanalijibu kwa vipindi vitatu: Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, enzi ya redio ya taifa, na enzi ya simu ya mkononi.

2.0 Simu ya Upepo na Vita, 1914–1917

2.1 Kukatika kwa mnyororo

Kabla ya vita Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo katika koloni lao la Afrika Mashariki huko Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Kusini hakukuwa na kituo cha aina hiyo. Mawasiliano na Ulaya yalitegemea mnyororo: kituo kikuu cha Nauen, karibu na Berlin, chenye milingoti iliyozidi mita 200, kituo cha Kamina katika Togo, ambacho kilipokea na kupeleka mbele, kisha vituo vya makoloni. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, HMS Astraea, iliupiga mabomu mtambo wa Dar es Salaam. Kabla ya mwezi huo kwisha Wajerumani wenyewe walikibomoa kituo cha Kamina kisije kikaangukia mikononi mwa adui.

Tangu hapo jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilibaki katika hali ya pekee. Hali ya hewa iliporuhusu, wapokeaji wake waliweza kuinasa sauti ya Nauen kutoka umbali wa maelfu ya kilomita. Kujibu hawakuweza. Jambo hili linahitaji ufafanuzi, kwa kuwa ndilo msingi wa hoja nzima.

Kanuni ya fizikia inasema kwamba antena ina tabia ile ile inapotuma na inapopokea. Kwa kanuni hiyo ingetarajiwa kwamba anayesikia aweze pia kusikika. Lakini mawimbi ya zama hizo yalikuwa na urefu wa maelfu ya mita, na antena yenye ufanisi hupaswa kukaribia robo au nusu ya urefu wa wimbi. Waya mfupi uliotundikwa mtini ni antena mbovu sana kwa wimbi la namna hiyo. Katika kupokea, ubovu huo hauleti hasara kubwa, kwa sababu kelele za radi zinazotapakaa angani hupunguzwa na waya huo kwa kiasi kile kile ambacho ishara hupunguzwa; uwiano wa ishara na kelele hubaki karibu ule ule. Katika kutuma, ubovu huo ni hasara tupu: nishati hupotea katika waya na ardhi badala ya kwenda angani. Kwa hiyo mwenye waya aliweza kusikia, na mwenye mnara pekee ndiye aliyeweza kusema.

2.2 Meli ya anga L59

Tukio linaloonyesha hali hiyo kwa uwazi zaidi lilihusu Uwanda wa Makonde wenyewe. Mnamo Oktoba 1917, baada ya mapigano makali ya Mahiwa, jeshi la Wajerumani lilisukumwa kuelekea Chiwata na ukingo wa uwanda. Huko Ujerumani iliamuliwa kulipelekea msaada kwa meli ya anga. Meli hiyo, L59, ilikuwa na urefu wa mita 226 na nusu, ikabeba shehena ya tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vingine. Haikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema, na mifupa yake ya aloi ya alumini ingejengwa mlingoti wa simu ya upepo. Waliopanga safari hiyo walielewa kwamba jeshi lililokuwa uwandani lilikosa risasi na pia lilikosa uwezo wa kujibu.

L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya kapteni Ludwig Bockholt. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck aliiacha Newala, na Waingereza wakaingia. Amri ya kuirudisha meli ilitumwa, lakini haikuifikia mara moja. Kituo cha Jamboli hakikuwa na nguvu ya kutosha, na karibu na kisiwa cha Krete meli ilikutana na dhoruba ya radi, ikalazimika kuzikunja nyaya ndefu za antena zilizoning'inia chini yake. Bila nyaya hizo meli ilikuwa kiziwi. Baadaye, juu ya jangwa, injini ya mbele iliyoendesha jenereta ya redio iliharibika. Kuanzia hapo meli iliweza kupokea lakini haikuweza kutuma, yaani ilifikia hali ile ile ya jeshi iliyokuwa ikilifuata.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, ilipokuwa magharibi ya Khartoum, ilipokea ujumbe kutoka Nauen kwamba sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde ilikuwa mikononi mwa adui na kwamba Kitangari imekwisha kutwaliwa. Ikageuka. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, ikiwa imekaa angani saa 95 na kusafiri zaidi ya kilomita 6,700. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma kwenye Ngomano, akiwa na Wazungu wasiofika 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000.

Kwa muda mrefu yamekuwapo masimulizi kwamba ujumbe huo ulikuwa hila ya Waingereza. Masimulizi hayo hayana uzito. Amri ilitoka Berlin, na taarifa iliyobeba ilikuwa ya kweli: Kitangari na Newala zilikuwa zimeanguka. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni chanzo cha taarifa hiyo. Berlin haikuijua hali ya Kitangari kutoka kwa jeshi lake lililokuwa hapo. Iliijua kupitia habari za adui, kwa kuwa jeshi lake halikuwa na antena ya kutumia. Hatima ya safari ya kilomita maelfu iliamuliwa kwa jina la kijiji cha Newala, na hapakuwa na mtu hata mmoja katika kijiji hicho aliyeweza kusema neno katika mazungumzo hayo.

2.3 Gharama ya ukimya

Ukimya huo ulikuwa na gharama nyingine karibu zaidi. Kikosi cha Theodor Tafel kilikuwa kikitoka Mahenge kuja kuungana na kikosi kikuu. Vikosi hivyo viwili havikuwa na njia ya kuwasiliana, vikapishana bila kujuana. Tafel, akiwa ameishiwa chakula, alijisalimisha tarehe 28 Novemba 1917 karibu na Newala. Wajumbe wa miguu walikuwa ndio mawasiliano yaliyobaki, na katika vita hivyo mguu ulikuwa wa mpagazi wa Kiafrika. Pale ambapo simu ya upepo ilishindwa, mwili wa mtu ulichukua nafasi yake, na wanakijiji wa uwanda huo walichukuliwa chakula na vijana wao bila kuulizwa.

3.0 Redio ya Taifa na Upande Mmoja wa Mazungumzo, 1951–1993

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikafuatiwa na Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na baada ya Uhuru na Muungano, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa wilaya za mbali kama Masasi na Newala, masafa mafupi ndiyo yaliyokuwa njia ya kuaminika, kwa kuwa mawimbi yake huakisiwa na tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Wimbi la megahezi 5 lina urefu wa mita 60. Kulituma kwa ufanisi kunahitaji waya wa mita 15 au 30 uliotundikwa vizuri. Kulipokea kunatosheka na ufito wa chuma wa redio ya betri. Ule utofauti wa mwaka 1917 uliendelea katika vipimo vipya.

Ni haki kusema kwamba redio hii ilifanya mengi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote kupitia vikundi vilivyosikiliza na kujadili pamoja, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Muundo wa vikundi ulikusudiwa kuupa usikilizaji sura ya mazungumzo. Hata hivyo, mazungumzo hayo yaliishia kikundini. Maoni yalipanda kwa karatasi, kwa mikutano na kwa safari, wakati mafunzo yaliteremka kwa kasi ya mwanga.

Athari ya upande mmoja huu inaonekana katika historia ya korosho. Uzalishaji wa taifa ulifikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei ndogo kwa mkulima, ugonjwa wa ubwiri unga, na uhamisho wa Operesheni Vijiji uliowaweka wakulima mbali na mikorosho yao. Haitakuwa sahihi kudai kwamba antena zingeuzuia mporomoko huo. Lakini mkulima wa Newala alikuwa wa kwanza kujua kwamba shamba lililo mwendo wa saa kadhaa kutoka kijiji kipya halitapaliliwa, na alikuwa wa mwisho kuwa na njia ya kulisema jambo hilo mahali lilipoweza kusikika. Redio iliyokuwa barazani kwake ilikuwa na spika; haikuwa na kipaza sauti.

Redio koli za polisi, misheni na ofisi za serikali hazikubadili hali hiyo. Zilihitaji waya mrefu juu ya paa, betri ya gari na mwendeshaji aliyeidhinishwa. Mtu wa kawaida alizitumia kwa hisani ya ofisi, na kwa dharura tu.

4.0 Kiraka cha Shaba, 1994–2022

4.1 Antena inaingia mfukoni

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ilifungua soko, na kuanzia mwaka 1994 kampuni za simu za mkononi zilianza kazi Dar es Salaam. Upanuzi mkubwa ulitokea katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyeongoza nchi kati ya mwaka 1995 na 2005. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2006 ikaanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kufikisha huduma mahali ambapo biashara peke yake isingefika.

Historia hii ya sheria inajulikana. Historia ya kifaa chenyewe haijulikani sana. Wazo la antena bapa, yaani kiraka cha shaba juu ya bamba la kihami lenye shaba nyingine chini yake, lilitolewa na Georges Deschamps nchini Marekani mwaka 1953. Lilikaa karibu miaka ishirini bila matumizi makubwa, hadi Robert Munson na John Howell walipolifanyia kazi kwa vitendo katika miaka ya 1970, hasa kwa ajili ya makombora na ndege. Uzuri wake ni kwamba huchapishwa kama saketi, haina ufito unaochomoza, na gharama yake ni ndogo.

Tatizo lilikuwa ukubwa. Wimbi la megahezi 900, bendi ya kwanza ya simu za GSM, lina urefu wa sentimita 33. Kiraka cha kawaida huhitaji nusu ya wimbi, yaani karibu sentimita 17 hewani. Kikiwekwa juu ya bamba la kioo-nyuzi lenye kipimo cha kihami cha 4.4, urefu hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni takriban 2.1, na kubaki sentimita 8. Hicho bado ni kikubwa kuliko upana wa simu. Wahandisi walikitatua kwa njia tatu. Kwanza, waliunganisha ukingo mmoja wa kiraka na bamba la chini, na robo ya wimbi ikatosha badala ya nusu. Pili, walikata mifuo ndani ya shaba ili mkondo wa umeme uzunguke njia ndefu katika eneo dogo. Tatu, walitumia mifuo hiyo hiyo kuzalisha njia mbili za mkondo zenye urefu tofauti, ndefu kwa megahezi 900 na fupi kwa megahezi 1800. Antena moja ikawa mbili. Nokia 3210 ya mwaka 1999 iliieneza antena ya ndani ya bendi mbili ulimwenguni, na Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi, ilikuwa miongoni mwa simu zilizouzwa zaidi katika historia.

Kwa mkazi wa Masasi au Newala maana yake ilikuwa hii: kwa mara ya kwanza kifaa cha kutuma wimbi la redio kiliingia mfukoni mwa mtu asiye askari, asiye padri na asiye ofisa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, korosho zimekuwa zikiuzwa kwa minada kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu. Bei ya mnada, malipo yaliyochelewa, gunia lililopungua uzito: haya sasa ni mambo ambayo mkulima anaweza kuyauliza, na si kuyasikia tu.

4.2 Mpaka uliobaki

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba usawa umepatikana. Kazi za Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 zilionyesha kwamba antena ndogo kuliko wimbi lake haiwezi kuwa na ufanisi mkubwa na upana mkubwa wa bendi kwa wakati mmoja. Kila bendi inayoongezwa ndani ya simu ile ile hulipiwa kwa upungufu mahali pengine, na upungufu huwa mkubwa zaidi katika masafa ya chini, ambako wimbi ni refu na nafasi ni ile ile.

Masafa ya chini ndiyo hasa yanayoifaa nchi ya namna hii. Megahezi 700 hadi 900 husafiri mbali zaidi, hujipinda vyema kwenye kingo za miinuko na hupenya miti kuliko megahezi 2100 au 2600. Mnamo mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliendesha mnada wa masafa yaliyojumuisha megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Bendi inayofaa zaidi kijiji kilicho chini ya ukingo wa Newala ni ile ambayo antena ya simu ndogo huitumia vibaya zaidi.

Aidha, mnara na simu havina nguvu sawa. Simu ya GSM katika megahezi 900 hutuma kwa wati 2 zisizozidi, na sehemu yake hupotelea katika mkono na kichwa cha mtumiaji. Mnara una nguvu kubwa zaidi na antena iliyo juu. Kwa hiyo, pembezoni mwa eneo la huduma, simu huweza kuuona mnara kabla mnara haujaweza kuisikia simu. Mtumiaji huona alama za mtandao kwenye kioo, lakini simu yake haitoki. Ndipo hupanda kichuguu au kusogea ukingoni. Hali ya kusikia bila kusema, iliyoikuta L59 juu ya jangwa, imepungua hadi mita chache za ardhi, lakini haijatoweka.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya mawasiliano ya Masasi na Newala haikuwa safari ya moja kwa moja kutoka kutengwa hadi kuunganishwa. Wimbi la redio liliufikia Uwanda wa Makonde mapema, tangu Vita Kuu ya Kwanza, na halikukoma. Kilichochelewa ni uwezo wa wakazi kulirudisha. Ucheleweshaji huo ulitokana na dola zilizotaka kusikika kuliko kusikia, lakini ulitokana pia na urefu wa wimbi, kimo cha mnara na kiasi cha nishati.

Matokeo haya yana maana kwa nyanja mbili. Kwa historia, yanapendekeza kwamba swali la mawasiliano ya vijijini lisiulizwe kwa kuhesabu redio au simu tu, bali kwa kupima pande mbili za mazungumzo kila moja peke yake. Kwa uhandisi, yanapendekeza kwamba antena ndogo ya bendi nyingi inayosanifiwa kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki isipimwe kwa idadi ya bendi inazozipokea maabara. Ipimwe kwa ufanisi wake wa kutuma katika bendi ya chini kabisa, ikiwa mkononi mwa mtu, mahali ambapo mnara uko mbali. Hicho ndicho kipimo ambacho mkulima aliye chini ya ukingo wa Newala angekichagua kama angeulizwa.